Kidonda Kisichopona Si Ndugu Yako

Kuna jina moja la ugonjwa ambalo limenikera tangu nilipoanza kazi ya uuguzi. Jina hilo ni donda ndugu. Watu hulitumia kwa kidonda kilichokataa kupona. Kimeoshwa, kimefungwa, kimepakwa dawa za kila aina, nacho kipo tu. Mwaka unakwisha na mwingine unaingia, mpaka mwenye kidonda anakizoea kama anavyomzoea ndugu anayeishi naye nyumba moja. Anaamka nacho, anakwenda nacho shambani, anakwenda nacho kanisani. Watoto wanakua wakijua kwamba mama ana mguu wake ule.

Leo nataka tuzungumze juu ya kidonda cha namna hiyo, kwa sababu vipo vidonda ambavyo kwa kukaa muda mrefu hugeuka kuwa saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa. Jambo hili silijui kwa kusoma tu. Nalijua kwa sababu niliwahi kukifunga kidonda kama hicho kwa mikono yangu mwenyewe, kwa muda wa miezi saba, bila kukitambua.

MAMA WA JUMANNE NA IJUMAA

Ilikuwa mwaka 2008. Nilikuwa bado muuguzi kijana, nimepangiwa kazi katika zahanati moja ndani ya Milima ya Uluguru. Sitaitaja. Wanaoijua milima ile wanajua kulivyo: njia za miguu zinazopanda na kushuka katikati ya migomba, ukungu wa asubuhi, na miezi ya Juni na Julai baridi inayowafanya watu wazima na watoto wasogelee moto jikoni.

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Alikuja siku ya kwanza na kikapu cha maharage kichwani, kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio na hakutaka kupoteza safari. Nilimwamkia, akanijibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akafungua kipande cha kanga alichokuwa amefunga nyuma ya goti la kulia.

Alipokuwa mtoto wa miaka sita aliangukia moto wa mafiga jikoni kwa bibi yake. Hakupelekwa hospitali. Alitibiwa nyumbani kwa majani, na baada ya miezi mingi ngozi ikajifunga yenyewe. Kovu likawa gumu na lenye kuvuta, hata goti halikunyooka tena sawasawa. Kwa zaidi ya miaka arobaini kovu lile lilikuwa likipasuka kiangazi na kufunga masika, hasa akipanda mashamba ya mteremko na mzigo. Kisha, miaka minne kabla sijaonana naye, ulikuja mpasuko ambao haukufunga tena.

"Kidonda hiki tumezeeka pamoja," aliniambia huku akicheka.

Nami nikawa namfunga kila Jumanne na Ijumaa. Naosha kwa maji ya chumvi, napaka iodini, naweka shashi, nafunga bandeji. Kikitoa usaha nampa vidonge. Katika daftari naandika kidonda kinaendelea vizuri. Mwezi wa tano niliona ukingo wa upande mmoja umeanza kuinuka. Niliona kabisa, dada zangu. Nikajiambia kwamba hiyo ni nyama mpya, kidonda kinaanza kujaa. Mwezi wa sita kikawa kinatoka damu kila nikiondoa shashi, na harufu yake ikabadilika. Nikabadilisha dawa.

Mwezi wa saba alipita daktari mmoja mgeni katika ziara ya ukaguzi. Nikamwomba amtazame mgonjwa wangu. Alivaa glavu, akagusa ule ukingo kwa kidole, akanyamaza. Halafu akapeleka mkono kwenye kinena cha yule mama, akipapasa kama kuna mtoki. Ulikuwapo. Akanigeukia na kuniuliza kwa upole, "Sista, mmewahi kukata kinyama kikapelekwa maabara?"

Hatukuwahi, na wazo lenyewe halikuwahi kunijia.

KWA NINI MWILI UNAVIMBA

Ili tuelewe kilichotokea katika mguu ule, yafaa kwanza tuelewe jambo la kawaida kabisa ambalo kila mama amelishuhudia. Mtoto akichomwa na mwiba, baada ya saa chache mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Dalili hizo nne zilikwisha kuandikwa na Mrumi mmoja aitwaye Celsus karibu miaka elfu mbili iliyopita. Wengine huiita hali hiyo uchochota, nami nitatumia neno hilo.

Uchochota si adui. Ni mwili unapiga ngoma ya kuita watu kazini. Mishipa midogo ya damu inapanuka, chembe nyeupe za damu zinatoka na kukimbilia penye jeraha. Nyingine zinamwaga kemikali kali za kuua vijidudu. Nyingine zinakula uchafu na nyama iliyokufa. Halafu zinatoa ishara kwa chembe hai za ngozi zilizo jirani, zile ambazo watoto wetu shuleni huziita seli, kwamba ziongezeke haraka ili kuziba pengo. Mishipa mipya ya damu inachipua ili kuleta chakula. Kazi ikimalizika ngoma inazimwa, chembe nyeupe zinaondoka, uvimbe unashuka, linabaki kovu.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyoungua paa. Majirani wanakuja kwa ujima, wengine wanabomoa mbao zilizoungua, wengine wanaleta miti, wengine wanaezeka. Jioni wanakwenda makwao. Sasa fikiri kama hakuna wa kuwaambia kazi imekwisha. Wanaendelea mwaka mzima, miaka mitano, miaka kumi. Wabomoaji wanabomoa hata pazima. Waezekaji wanaweka mbao juu ya mbao. Walioleta chakula wanaendelea kuleta. Katika vurugu ile akiingia mhuni mmoja na kuanza kujijengea kibanda chake, nani atamwona? Tena atajengewa kwa miti ileile na kulishwa kwa chakula kilekile.

Ndivyo ilivyo kwa kidonda kisichofunga. Zile kemikali za kuua vijidudu, zikimwagwa miaka nenda miaka rudi, zinajeruhi pia maagizo ya urithi yaliyo ndani ya chembe zetu wenyewe. Wakati huohuo chembe za ukingoni zinaamriwa kugawanyika, na kila zinapogawanyika kuna nafasi ya kukosea. Mara nyingi chembe iliyoharibika hufa. Lakini ikitokea moja isiyokufa, isiyosikia tena amri ya kusimama, inakuwa imekaa mahali ambapo kila kitu kinaisaidia kukua. Hiyo ndiyo saratani.

Na haiishii hapo. Saratani ikishaanza, yenyewe nayo hupiga ile ngoma. Huziita chembe nyeupe na kuzigeuza kuwa watumishi wake, huchipusha mishipa ya damu ya kuilisha, na kwa njia hiyo huzidi kukua na kupata njia ya kusafiri. Daktari Mjerumani aitwaye Rudolf Virchow aliona mwaka 1863 kwamba ndani ya uvimbe wa saratani mmejaa chembe nyeupe za damu, akahisi kwamba uchochota wa muda mrefu na saratani vina uhusiano. Watu wengi hawakulitilia maanani wazo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1986 mtafiti Harold Dvorak wa Boston, Marekani, alieleza kwamba uvimbe wa saratani unajiendesha kama kidonda ambacho hakiponi. Mimi niliposoma habari hizo, miaka kadhaa baada ya 2008, nilikumbuka mguu wa mama yule, nikafunga kitabu.

MAKOVU YA MOTO

Saratani inayoota juu ya kovu la zamani ina jina lake hospitalini. Inaitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828. Wengi wanaoipata waliungua moto. Lakini huweza kutokea pia kwenye kidonda cha mguu cha muda mrefu, au mahali ambapo mfupa ulioza na usaha ukawa unatoka kwa miaka.

Hapa nchini madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2012 juu ya wagonjwa 56 wa aina hii waliowatibu. Wengi wao chanzo kilikuwa makovu ya moto, na ni wachache tu miongoni mwao waliokuwa wamepandikizwa ngozi walipoungua. Waliobaki vidonda vyao viliachwa vijifunge vyenyewe, kama cha mama yule.

Naomba msomaji usitishike. Hukadiriwa kwamba katika makovu 100 ya moto ni moja au mawili tu yanayofikia hatua hiyo, na aghalabu ni baada ya miaka kumi, ishirini, hata zaidi ya thelathini. Kovu lililotulia, laini, ambalo halipasuki, si la kulalia macho. Tunalolitazama ni lile linalopasuka na kufunga, kupasuka na kufunga, hasa lililokaa kwenye kiungo kama goti, kiwiko au kwapa, ambako ngozi inavutwa kila siku.

Upande mwingine wa mkoa wetu wa Morogoro, kule Mahenge, kuna somo ambalo kila mwanamke anayepika angefaa kulijua. Mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kule kliniki ya watu wenye kifafa. Alikuta wengi wana majeraha mabaya ya moto. Walikuwa wakishikwa na kifafa karibu na moto wanaangukia humo, na waliokuwapo waliogopa kuwagusa na kuwatoa kwa kudhani kwamba mate yao yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Ukimwona mtu ameangukia motoni, mtoe. Na kama nyumbani kwako yupo mwenye kifafa, hakikisha anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa, na jiko analopikia liwe limeinuliwa au limezungushiwa udongo. Moto wa mafiga ulio wazi chini usiwe wa kwake.

PALE WANAPOUNGUA

Kwa kuwa chanzo kiko jikoni kwetu, niseme kidogo juu ya huduma ya kwanza, ingawa najua wengine mmeisikia. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka, kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ni nyingi, mtoto analia na majirani wanakutazama kama umerukwa na akili, lakini maji hayo huzuia moto usiendelee kula ndani. Kwa watu wa milimani hapa tuna bahati, maji ya kutosha yanapita karibu na nyumba nyingi. Mvue bangili na nguo zisizoshikamana na ngozi. Mfunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta ya kupikia, wala yai. Nimekwisha kukwangua dawa ya meno kwenye mgongo wa mtoto wa miaka miwili, na kilio chake sikisahau.

Jeraha lililozidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au lililo usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, ni la hospitali siku hiyohiyo. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hatulisemi vya kutosha: jeraha la moto ambalo halijafunga baada ya wiki tatu linahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji, kwa kuwa huenda likahitaji kupandikizwa ngozi. Kupandikiza ngozi si anasa wala si urembo. Ngozi huchukuliwa kidogo kutoka paja la mgonjwa mwenyewe na kutandazwa juu ya jeraha, nalo linafunga kwa wiki badala ya miezi, na kovu halivuti. Laiti mtoto yule wa miaka sita angefanyiwa hivyo.

SEHEMU ZISIZOONEKANA

Mguu una faida moja, kwamba twauona. Uchochota wa muda mrefu hukaa pia ndani ya mwili tusipoona.

Kichocho ni mfano mmoja. Watoto wengi huko mabondeni huoga na kuchota maji yaliyotuama, kwenye mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga, ambako konokono wa kichocho huishi. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu, na mwili unapiga ngoma yake kuyazunguka kwa miaka. Mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliweka aina hiyo ya kichocho katika orodha ya visababishi vya uhakika vya saratani, yaani saratani ya kibofu. Mkojo wa damu kwa kijana wa kiume si dalili ya kwamba amekua, kama wazee wa sehemu nyingine walivyokuwa wakisema. Ni kichocho, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa mashuleni na katika vituo vya afya.

Virusi vya homa ya ini aina ya B hufanya vivyo hivyo katika ini. Ini linaumwa na kujitengeneza, linaumwa na kujitengeneza, kwa miaka ishirini au thelathini, mpaka linapata makovu na hatimaye saratani. Ndiyo maana tangu mwaka 2002 chanjo hiyo imo katika zile wanazopewa watoto wetu wachanga kliniki. Mama anayeruka kliniki kwa sababu mtoto hana homa afikirie jambo hilo. Tumboni nako, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo waliogunduliwa na Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2005, wanaweza kuleta saratani wakiachwa miaka mingi. Hata chai ya moto sana, ile ya kuunguza ulimi, inatajwa kuwa huenda inachangia saratani ya koo la chakula. Acheni ipoe kidogo.

Kwa mlango wa kizazi niseme kwa uangalifu. Hapo mkosaji mkuu ni kirusi chenyewe, kinachoitwa kwa kifupi HPV, nacho kina ujanja wake wa kuharibu chembe. Uchochota wa maambukizo ya muda mrefu unakipalilia njia. Kwa makadirio ya mwaka 2020, takribani wanawake 10,000 wa Tanzania walipata saratani hiyo kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 wakafa. Chanjo ya wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sisi mama zao tunapimwa kwa kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, jambo la dakika chache. Uchafu wenye harufu unaorudi kila baada ya dawa, au damu baada ya tendo la ndoa, usivumiliwe kwa aibu. Huo nao ni kama kidonda, ila hakionekani.

Kina dada huniuliza: je, basi tumeze dawa za kutuliza uchochota kila siku? Ni kweli kwamba tafiti zimeonyesha watu wanaotumia aspirini kwa miaka mingi hupata saratani ya utumbo mpana kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Lakini dawa hizo huchubua tumbo na kuleta damu, na wapo walioletwa wodini wakitapika damu kwa sababu ya vidonge vya maumivu vya dukani. Zitumike kwa ushauri wa daktari tu. Na wale wanaopita ndani ya mabasi na chupa za maji ya mizizi, wakidai yanaondoa kila uvimbe tangu goti mpaka kansa, fedha zenu wekeni za nauli ya hospitali.

MACHO YA KUKITAZAMA KIDONDA

Sasa nirudi kwenye kidonda, maana ndicho nilichokusudia. Kidonda chochote ambacho kimepita miezi mitatu bila kufunga, mahali popote mwilini, kimepita mamlaka ya bandeji. Hata kama hakiumi. Hata kama mwenyewe anakwenda shamba. Hata kama mtu fulani amekwisha kusema ni cha kurogwa.

Tazama kingo zake. Kidonda kinachopona kingo zake zinashuka taratibu na kuelekea katikati, ngozi mpya nyembamba inatambaa. Kinachoharibika kingo zinainuka, zinakuwa ngumu na kugeukia nje kama mdomo wa chungu. Katikati nyama inaweza kuota vinundu vinundu, kama ua la koliflawa zile zinazoletwa mjini kutoka Mgeta. Kinatoka damu kwa kuguswa kidogo. Harufu yake inakuwa tofauti, mama anayekiosha ndiye atakayeijua kwanza. Maumivu yanaanza pale ambapo hayakuwapo. Na kwenye kinena au kwapa la upande huohuo kunatokea mtoki. Usingoje dalili zote zikutane. Mimi nilizingoja bila kujua kwamba nangoja.

Acheni kupasua kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani. Tabia hiyo imeenea mpaka naikuta kwa walimu. Unga ule hautibu, unafanya tu gamba linaloficha kinachoendelea chini.

Hospitalini ombeni kipimo cha kinyama. Daktari hukata vipande vidogo kutoka ukingoni, sehemu zaidi ya moja, kwa kuwa kipande kimoja huweza kukosa mahali penyewe. Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na kwa ajili ya imani hiyo wamekufa nayo. Kipimo hakiisambazi. Kinachoisambaza ni muda. Kovu la zamani lina mishipa michache, kwa hiyo mwanzoni huizuia saratani isitoke, kama boma. Ikishavuka boma hilo huenda kwenye mitoki upesi. Ikikutwa kabla ya hapo, hukatwa pamoja na ngozi nzima ya pembeni, halafu hupandikizwa ngozi mpya, na mtu anarudi nyumbani na mguu wake. Ikichelewa, huhitaji kukata kiungo, na wengine hupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi.

KIKAO CHA UKOO

Majibu ya maabara ya mama yule yalichukua wiki kadhaa. Ilikuwa saratani, tena imefika karibu na mfupa. Daktari wa upasuaji alisema mguu ukatwe juu ya goti.

Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba pamoja na kaka zake wana sauti kubwa katika mambo kama hayo. Waliketi siku mbili. Kaka mkubwa alitaka kwanza apelekwe kwa mganga. Binti zake walilia. Mimi nilikuwa nimeitwa nieleze, nikaeleza, na mwisho nikasema mbele ya wote kwamba nilikiona kile kidonda kikibadilika nami sikusema. Palikuwa kimya. Nilitegemea kufukuzwa.

Mama mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya. "Mguu huu umenilisha miaka hamsini," alisema. "Sasa unataka kunila. Ukatwe."

Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani kulikokuwa na gari. Ukoo uliuza ndizi na mbuzi wawili. Mtoki uliondolewa pamoja na mguu, na kwa rehema ya Mungu saratani ilikuwa haijaenda mbali zaidi. Alirudi kijijini baada ya miezi miwili na magongo, kwenye njia zile za mteremko ambazo hata mwenye miguu miwili huteleza. Shamba lake la juu alimwachia binti yake. Hakupanda kule tena.

Tangu siku ile sijafunga kidonda chochote zaidi ya miezi mitatu bila kukiandikia rufaa. Baadhi ya wakubwa wangu kazini wamewahi kuniambia nasumbua. Mwaka 2021, tulipokuwa tukitembelea wagonjwa na kina mama wa kanisa letu mjini Morogoro, tulimkuta binti mwenye kifafa aliyeungua mkono. Kidonda kilikuwa na miezi mitano, kiwiko kimeanza kukunjamana. Mama yake alisema kinaendelea vizuri. Maneno yaleyale niliyokuwa nikiyaandika daftarini. Tulichanga nauli siku hiyohiyo. Kipimo kilionyesha hakuna saratani, ni uchochota tu. Alipandikizwa ngozi, akaanza tena vidonge vya kifafa, na mwaka uliofuata nilimwona akisuka ukili.

Yule mama wa mlimani bado yu hai. Sasa ni bibi mwenye wajukuu na vitukuu, na hukaa kibarazani pake, karibu na njia kuu ya kuteremkia barabarani, magongo yameegemezwa ukutani. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amemsimamisha kijana mmoja wa bodaboda aliyefunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu.

"Kina muda gani hicho?" alimwuliza.

"Miezi minne, bibi. Ni kidonda tu."

"Kifungue," akasema, akininyooshea mimi kidole. "Sista huyu hapa. Kifungue akitazame."

Kijana aliniangalia, akamwangalia bibi na mguu wake mmoja, akaketi chini kwenye ngazi, akaanza kufungua kitambaa.